Ziwa Limemwagika Kushoto

Kamera niliinunua kwa Luhende, Mtaa wa Rufiji,
siku aliyofunga studio yake ya paspoti:
pazia la buluu limekunjwa, kiti cha kuzunguka kimeshauzwa.
Akanipa chaji, kitambaa cha kufutia lenzi,
na somo moja la bure:
"Picha ikiwa mbaya, ujue ulisimama mbali."

Nikashuka mwaloni Kirumba, kifua mbele.
Picha ya kwanza: ziwa limeinama,
maji yote yamemwagikia kushoto,
mitumbwi inang'ang'ania ukingo wa fremu
isije ikadondokea Sengerema.
Ya pili: tajiri wa sangara, hana kichwa.
Ya tatu: kidole changu, chekundu, kikubwa kuliko kilima cha Bugando.
Ya nne mpaka ya arobaini: korongo mmoja, yule yule,
amenipa mgongo
kama karani aliyekwisha kufunga dirisha.

Nilirudi. Nikasogea.
Nikajifunza kupiga magoti juu ya magamba,
viwiko mbavuni, pumzi nusu nje nusu ndani,
kidole kisikurupuke.
Nikajifunza kwamba saa saba mchana jua ni mlevi:
humchimbia mtu mashimo mahali pa macho,
na dagaa mchangani huwaka weupe mtupu,
kana kwamba nimepiga picha ya kelele.
Lakini saa moja na robo asubuhi
mwanga huja kiubavu kutoka nyuma ya mawe,
kila dagaa ana kivuli chake mwenyewe,
na uso mweusi hung'aa bila kuomba taa.

Nkwimba huanika dagaa Igombe.
Mara ya kwanza nilimpiga kwa kuiba, nimejibanza nyuma ya gunia.
Akaiona kwenye kioo cha kamera.
"Umenichukua kama mtu anayedaiwa."
(Anadaiwa. Lakini picha haikuwa na haja ya kusema.)

Mara ya pili niliomba.
Nikampelekea nakala, karatasi ya kung'aa:
ameinama juu ya chanja,
vidole vinatawanya samaki kama kete za bao,
mwanga umekaa begani pake, umetulia.
Nilijua ni nzuri. Nilingoja anisifu.
Akaitazama mpaka chai ikachemka ikamwagika.
"Hawa hawajakauka," akasema. "Ona hapa pembeni."
Kweli.
Mimi niliona mwanga, yeye aliona unyevu.

Kisha akauliza jambo ambalo Luhende hakunifundisha:
"Hiyo mashine yako inasoma namba?"
Mnunuzi huja Ijumaa na mizani yake ya kuning'iniza.
Anaapa kwamba ikiwa tupu ni sifuri.
Nkwimba haapi; anaitazama tu, miaka mitatu sasa.

Ijumaa, basi. Mnunuzi kageuka, yuko kwenye simu.
Mizani inayumba, upepo wa ziwa hauna adabu.
Picha ya kwanza, ukungu.
Ya pili, jua limeruka juu ya kioo cha mizani, limeniziba.
Nkwimba akasogea bila kuambiwa,
akainua khanga yake, akatengeneza kivuli,
mkono mwingine ukaishika ndoano itulie.
Tukawa wawili nyuma ya lenzi moja.
Pumzi nusu nje, nusu ndani.

Sindano imetoka wazi, nyembamba kama mwiba wa furu,
imelala mistari minne nyuma ya sifuri.
Hakuna machweo humo, hakuna Mwamba wa Bismarck,
kuna kutu, na kidole gumba cha Nkwimba, kucha imepasuka.
Na juu kabisa, kipande cha ziwa upana wa utepe,
kimenyooka,
hakijamwagika hata tone.

"Toa nakala saba," akasema.
Nikahesabu wanawake wa chanja: sita.
"Ya saba," akasema, akirudi kwa dagaa wake, "ni yake yeye."